Gauni Lililopinduliwa Matangani

Siku moja ya matanga pale Bongwe naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka natamani kujizaba kofi. Mwanangu (usicheke, nakuzidi madarasa matatu, yatosha kukuita mwanangu), keti unisikilize, maana kurudiarudia kumenichosha.

Alikuja mgeni wa Kizungu, mwanamke mpole, kuandika namna tunavyoishi: tunavyooana, tunavyolima, tunavyozikana. Nami kwa Kiingereza changu cha shule nikawa mkalimani wake. Lo, maswali! Mbona mjomba ndiye huulizwa kwanza binti akiposwa? Kuuliza si ujinga, lakini mpaka uji wa mtu upoe? Basi nikaacha kuwauliza wazee, nikawa najijibia mwenyewe. Akataka kujua msibani huvaliwaje. Nikamwambia nguo hupinduliwa, mishono ikawa nje. Akaandika.

Wiki ile ile jirani yetu Bi Mwanaidi akafiwa na mumewe. Mgeni akaja kumpa pole, gauni kalipindua, mifuko yaning'inia kama masikio ya mbuzi. Nikauma midomo nisicheke. Mjane akaacha kulia.

"Mwanamke mwenzangu, waja kunichezea shere na kaburi la mume wangu halijakauka?"

Mgeni hakuelewa, akanitazama mimi. Bibi yangu naye akanitazama mimi. Wazee hawa, hawakosei shabaha!

"Sema," akaniambia. "Kwa lugha zote mbili."

Nikasema. Bi Mwanaidi akamfunika mgeni kanga yake mwenyewe, akamketisha ubavuni. Mimi hakunitazama.

"Umetia uongo mkononi mwa mtu mkweli," bibi akasema. "Watakaosoma watuone sisi wendawazimu!"

Mgeni akafungua daftari. "Na hili? Na hili?" Likizo yangu yote ikaishia nyumba kwa nyumba, shikamoo kila mlango, kuuliza upya niliyoyajibu kwa uvivu. Kumbe hata hilo la mjomba nilikuwa silijui!

Mwanangu, mzaha mzaha hutumbua usaha. Ukiulizwa habari za watu wako nawe hujui, sema sijui. Neno hilo haling'oi jino. Na siku ukishika kalamu wewe, keti nao kwanza, uwaulize wenye jambo lao, si mjanja aliye karibu.

Mola akupe macho ya kuona na subira ya kuuliza mara ya pili. Nami anipe subira ya kukujibu. Amin.