Nguzo Nyekundu Getini

Fundi rangi mmoja wa mtaa wa mlimani, watu walimwita Brashi, alikuwa na mdomo mkubwa kuliko kopo lake la rangi. Kazi alikuwa anaijua, tusimnyime haki yake. Ukimpa ukuta wenye nyufa anauziba, anaupiga msasa, anaupaka, kesho yake wewe mwenye nyumba unapita ukidhani ni kwa jirani. Lakini akishakaa kijiweni kwa kinyozi, basi tena, na wimbo wake ulikuwa mmoja: shule ya msingi imeharibika tangu walipokuja watu wa mabatini.

Hao wa mabatini walihamishwa na mafuriko. Walipewa eneo nyuma ya uwanja wa mpira, wakajenga vibanda vya mabati, watoto wao wakaingia shule ileile ya watoto wa mlimani na wa sokoni. Madarasa yakafurika. Dawati la wawili likawa la watatu.

"Wanawaburuza wenzao chini," Brashi alisema siku moja, kidevu kimejaa povu. "Binti yangu alikuwa anakimbia, sasa hivi anatambaa."

"We Brashi, na mimi si wa hukohuko mabatini?" aliuliza fundi viatu, mtani wake wa kila jioni.

"Aah, wewe umeshakuwa wetu. Nawasema wenzako."

Kijiwe kizima kikacheka. Fundi viatu naye akacheka, ila kwa meno tu.

Maneno hayo yakaingia mpaka kwenye vikao vya wazazi, kila kikao kikawa kelele tupu. Mwalimu mkuu, mama mmoja asiyependa kubishana, akachoka. Akaamua matokeo ya mtihani yachorwe ukutani getini, kila mwenye macho aone: nguzo tatu, kila mtaa na rangi yake. Sokoni kijani, mlimani bluu, mabatini nyekundu. Nguzo ikiwa ndefu, ndio watoto wa mtaa huo wamefaulu zaidi. Akamwita Brashi, akampa mchoro, yeye akasafiri kwenda semina.

Jumamosi Brashi akavuta mistari kwa uzi na chaki. Ya kijani ikapanda juu kabisa, hilo halikumuumiza. Akatazama mchoro kuona inayofuata ni ipi. Nyekundu. Ya bluu, ya kwao mlimani, ilikuwa imechuchumaa pembeni kama kigoda. Akaugeuza mchoro juu chini, akaurudisha. Kigoda kilekile.

Akilini akamwona kinyozi akicheka mpaka mkasi unamtoka mkononi. Akamwona fundi viatu akimwangalia tu.

Basi akachovya brashi kwenye kopo jekundu, nguzo fupi akaipaka nyekundu. Ya pili akaipaka bluu. Akajiambia ni rangi tu hizi, mwalimu mkuu akirudi nitasema nilichanganya makopo.

Jumatatu watoto wa mlimani walipokezana wimbo getini: "Wekundu mkiani! Wekundu mkiani!" Jioni kinyozi akampa Brashi mkono. "Mwenzetu kumbe ulikuwa unaona mbali!" Brashi akajifanya anakohoa. Sifa zile zilimwasha kama tina ya kuyeyushia rangi iliyoingia jichoni. Na benchi la fundi viatu lilikuwa tupu.

Asubuhi ya pili yake fundi viatu akabisha hodi kwa Brashi. Kofia ameishika mkononi.

"Karibu, pita ndani bwana."

"Nashukuru, hapahapa panatosha. Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini tena?"

"Nilikuwa nimekuwekea kinyongo kwa yale maneno ya kijiweni. Kumbe ulikuwa unasema kweli. Watoto wetu wanawarudisha nyuma wenu, nimeona mwenyewe pale ukutani."

"Aah, hayo yaache, ndugu yangu..."

"Siyaachi. Binti yangu aliniapia: baba, mwalimu katusomea, sisi ni wa pili. Nikaenda kuangalia. Nikarudi nikamchapa, nikamwita mwongo." Akaipindapinda kofia. "Tangu mama yake afariki sijawahi kumnyanyulia mkono yule mtoto. Jana ndiyo mara ya kwanza."

Fundi viatu akavaa kofia yake, akaondoka.

Nyuma ya mlango binti wa Brashi alikuwa anafunga kamba za viatu. Alikuwa amesikia yote.

"Mwalimu alitusomea sote, baba," alisema, bado ameinama. "Huyo binti yake tunakaa dawati moja. Hesabu za sehemu, yeye ndiye anayenielekeza."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, wangejua baba yangu alipaka uongo."

Akabeba mkoba wake, akatoka. Brashi akabaki anatazama vidole vyake. Nyekundu bado ilikuwa imeganda kwenye kucha.

Angeweza kusubiri Jumamosi, shule ikiwa haina mtu. Hakusubiri. Alifika na ngazi na makopo saa ya mapumziko, watoto wote nje, wakamzunguka kama wamemwona mtu wa mazingaombwe. Mwalimu wa zamu akasogea, akatabasamu.

"Fundi, ulichanganya makopo, siyo?"

Mlango wa kujitoa ndio huo, umefunguliwa wazi, ni kupita tu.

"Hapana mwalimu. Niliona yetu ni fupi, nikageuza makusudi."

Kule nyuma, binti yake akageuka akatazama ukuta wa choo.

Brashi akapaka. Bluu juu ya nyekundu ilikataa kukaa. Akapiga mkono wa pili, wa tatu, wekundu ukawa unachungulia tu chini yake, nguzo ya mlimani ikawa kama jeraha la kuvilia damu. Alipomaliza akashuka ngazi, na binti wa fundi viatu alikuwa amesimama chini. Alimjua kwa macho, yalikuwa ya baba yake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Mtoto akaitazama nguzo yao, ndefu, nyekundu, bado mbichi. "Baba ameshaiona?"

"Bado."

"Basi kamwite. Mimi nikimwambia hataniamini."

Brashi akaweka brashi chini, akaanza kutembea kuelekea mabatini, mikono yake ikiwa na rangi zote mbili.