Simu Iliyopuliziwa Maziwa

Nilishtuka mpaka nikakosa la kusema, na wanaonijua watakuambia hilo si jambo la kila siku. Simu yangu mpya, ile ya kukunja kama kitabu, ilizimika mkononi mwangu nikiwa nimesimama katikati ya majani chai. Kwanza mstari mweusi ulijichora pale inapokunjwa, halafu kioo chote kikaingia giza. Woi! Sikuwa nimeiangusha. Sikuwa nimeikalia. Hata risiti ya duka nilikuwa bado nimeiweka.

Niliinunua Kericho mjini msimu wa bonasi ya majani, wakati ambapo sisi wakulima wa Kimulot tunaingia madukani shingo juu. Matangazo yalikuwa kila mahali: simu inayovumilia mvua, unaikunja na kuikunjua mpaka uchoke wewe. Na nilikuwa na sababu yangu. Binti yangu alikuwa anakaribia koito, ile sherehe ambapo ukoo wa kijana unakuja nyumbani kwa msichana kukubaliana juu ya ndoa. Nilitaka kuipiga video kwa kioo kipana, ili mama yangu, ambaye macho yake yamechoka, aweze kuitazama baadaye bila kuuliza kila saa, "Huyo ni nani? Na huyo?"

Mama ndiye aliyeibariki. Kwetu kitu kipya hakitumiki kabla yeye hajakipulizia maziwa. Anaomba kwa jina la Yesu, anachukua funda la mursik, yale maziwa yetu yaliyolala kwenye kibuyu, halafu anapuliza: pfuu! Ng'ombe, baiskeli, mashine ya kukata nyasi, wajukuu, wote walipita hapo. Simu nilimpelekea ikiwa imekunjwa. Akaniangalia kama mtu asiye na adabu.

"Fungua," akasema. "Baraka itaingilia wapi na wewe umeifunga?"

Nikafungua. Mtu mwingine angekataa, najua, lakini huyo mtu mwingine hakuzaliwa na mama yangu. Matone machache yakaanguka, nikapangusa na leso, na simu ikaendelea kufanya kazi vizuri tu kwa wiki kadhaa. Nilikuwa hata nimesahau.

Basi ilipozimika nikairudisha dukani. Mama alikuwa pamoja nami, maana alitaka kununua kitambaa cha kuvaa siku ya koito. Muuzaji akaigeuzageuza simu, akaileta karibu na pua.

"Hii imeingia maziwa, mama," akaniambia. "Harufu iko hapa kwa bawaba. Waranti haifiki huko."

"Si mlisema inavumilia mvua?"

"Mvua, ndiyo. Maziwa, hapana."

Haki ya Mungu! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, kwa sababu mchungaji wetu anajua kusoma. Nilipogeuka kutafuta mtu wa kuniunga mkono, nikamwona mama. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kiganja. Safari yote ya kurudi nyumbani hakuutoa huo mkono.

Tangu siku hiyo mama hakubariki kitu. Ndama alizaliwa, akampita kama hamwoni. Nikadhani ni aibu tu, itamtoka. Kumbe! Koito ilipokaribia, binti yangu alienda kumwomba atayarishe maziwa ya kumpulizia, kama ilivyo desturi yetu. Mama akamjibu, "Tafuta mwanamke mwingine. Mdomo wangu unaharibu vitu."

Msichana akaja kwangu akilia. "Bila kogo mimi siolewi," akasema. Kogo ndiyo nyanya kwetu. "Waambie hao watu wasije."

Ukoo mzima umeshaalikwa, kijana mwenyewe ni mzuri na binti yangu anampenda kupita kiasi, na yote yanataka kuvunjika kwa sababu ya simu! Nilimbembeleza mama, nikamgombeza, nikamletea mpaka mchungaji. Wapi. Alinywa chai na mchungaji, akamsindikiza hadi kwenye lango, akarudi na msimamo wake uleule.

Kisha jirani aliyetoka mjini akaniambia, "Si uende pale dukani ujionee. Watu wamejaa na simu kama yako." Nikamwambia mama avae viatu.

"Nikafanye nini huko? Niharibu duka lote?"

Nikamvuta mkono tu.

Jameni, niliyoyakuta! Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, kila mmoja na simu yake nyeusi. Mwalimu kutoka Kipkelion ameambiwa yake imeingia vumbi la chaki. Mfanyakazi wa kiwanda cha chai, mtu wa upande wa ziwa, ameambiwa yake imeingia vumbi la majani. Na kulikuwa na muuguzi mmoja, huyo ndiye aliyenimaliza, ambaye aliambiwa ameikunja sana.

"Simu ya kukunja!" alikuwa akipiga kelele. "Eti nimeikunja sana! Sasa nilitakiwa niipige pasi?"

"Walijua huu ni msimu wa bonasi," mtu wa kiwanda akasema. "Wakakimbia kutuletea ikiwa mbichi."

Mzee mmoja akajipenyeza mbele na boksi ambalo halijafunguliwa. Alikuwa amemnunulia mke wake, akasikia habari, sasa anataka kuirudisha. Muuzaji, jasho likimtiririka, akaona hapo ndipo pa kujiokoa. "Hii ni nzima, nitawaonyesha wote," akasema. Akakata nailoni mbele yetu. Akaiwasha. Ikawaka vizuri, rangi zote, na sisi tukasogea karibu. Akaikunja. Akaikunjua.

Mstari mweusi, palepale katikati. Halafu giza.

Hata muuguzi alikuwa ameachama tu. Ndipo nikamsikia mama nyuma yangu, kwa sauti ndogo: "Na hiyo, ilipuliziwa maziwa na nani?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikamshika muuguzi begani, mtu hata simjui. Nilipogeuka nimkumbatie mama, nikamkuta ameketi kwenye ngazi ya duka, machozi yakimtoka.

"Baba yenu," akasema. "Siku ile anapelekwa operesheni nilimpulizia kifuani. Hakurudi. Na yule mtoto wako wa kwanza, nilimpulizia pia. Nimekuwa nikilala nawapitia mmoja mmoja, wote niliowapulizia."

Wiki zote hizo mimi napigana na duka juu ya simu, na mama yangu yuko nyumbani anajishtaki kwa makaburi yetu. Na mimi simwoni!

Nikachuchumaa mbele yake. "Mama, baba alikuwa na kansa. Mtoto alikuwa na nimonia. Unajua hivyo."

"Nilikuwa najua," akasema. "Yule muuzaji aliposema maziwa, nikaacha kujua."

Nyuma yetu watu walikuwa wameanza tena kelele, mtu anapiga kaunta. Mama akajipangusa uso kwa kona ya shuka, akaniegemea begani, akasimama.

"Twende," akasema. "Koito ni Jumamosi, na maziwa ya binti yako bado yamo ndani ya ng'ombe."