Inshirah Achagua Ras el-Bar

Mwalimu Raafat alikuwa na mdomo, na sisi wa jengo lake hapa Tanta tuliuogopa mdomo huo kuliko wanafunzi walivyoiogopa fimbo yake. Aliyeumia zaidi ni mkewe, Inshirah. Walipooana waliahidiana kwenda kupumzika Ras el-Bar, mji wa pwani. Inshirah akashona gauni la buluu, akafunga sanduku, na asubuhi ya safari Raafat akampandisha basi la kwenda kijijini kwa mama mkwe wake. Fungate yake ikaishia kukamua nyati na kukanda unga. Tangu hapo, kila kiangazi majirani walipoanza kufunga mizigo ya pwani, Inshirah, mwanamke mnene, aliuliza kama nao wataenda, na Raafat alimjibu kwa sauti ya kusikika ngazi zote:

"Bahari haijapungukiwa nyangumi, Inshirah. Kaa nyumbani."

Tulicheka. Yeye pia alicheka, huku akifuta meza isiyo na uchafu.

Kisha kiharusi kikamwangusha Raafat bafuni. Upande wake wa kulia ukafa, na maneno yote yakamtoka, likabaki moja tu: "Ndiyo." Ukimuuliza kama ana kiu, ndiyo. Ukimuuliza kama ameshakunywa, ndiyo. Daktari alisema anaelewa kila kitu. Ni ulimi tu uliokwama hapo. Ilitosha kumtazama macho ujue kwamba daktari hakukosea.

Kiangazi kilipofika, mwana wao Hisham alipiga simu kutoka Kuwait. Siku hiyo nilikuwa kwao, nimekuja kuazima ungo.

"Mama, mpeleke baba Baltim. Kumetulia, hewa safi ya bahari, hakuna fujo. Daktari kasema apumzike."

"Baltim nikafanye nini, nihesabu mawe?" Inshirah akaigeuza simu kumwelekea mumewe. "Muulize mwenyewe. Baba Hisham, si tunakwenda Ras el-Bar? Kwenye muziki, baiskeli, watu mpaka alfajiri? Hiyo uliyokuwa ukiiita soko la wendawazimu?"

Raafat alikaza shingo mpaka mishipa ikamtoka. Mkono wake mzima ulipiga ubao wa kiti.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo! Ndiyo!"

"Umesikia? Ana hamu kunishinda mimi."

"Basi, kama mwenyewe kataka," akasema Hisham.

Yaliyotokea huko alitusimulia Inshirah mwenyewe, juu ya paa tunakoanika nguo, bila kujificha. Alichagua nyumba iliyo juu ya mkahawa wenye harusi kila usiku. Ufukweni alikodi mwavuli ulio chini kabisa ya spika za muziki. Asubuhi alimsukuma Raafat kwenye kiti chake cha magurudumu, akamwekea kofia, kisha akaingia baharini na nguo zake zote kama wanawake wengine, akapiga maji kwa viganja na kucheka. Wanawake wa miavuli ya jirani walimwombea dua. Mke mvumilivu namna hii, walisema, amembeba mgonjwa mpaka baharini ili afurahi.

Siku ya tatu wakamwalika kupanda mashua, wavuke mto unaoingia baharini hapo wakanunue samaki ng'ambo. Akamwacha Raafat chini ya mwavuli, akaenda. Aliniambia hakugeuka nyuma hata mara moja.

Jua likahama, mwavuli haukuhama. Mwenye miavuli akapita.

"Haji, nikusogeze kivulini?"

"Ndiyo."

"Au unalitaka jua kidogo?"

"Ndiyo."

Yule bwana akakuna kichwa, akamwacha palepale. Vijana waliokuwa wakicheza mpira karibu wakasikia.

"Mzee, wewe ni punda?"

"Ndiyo."

"Na mama yako je, punda?"

"Ndiyo."

Wakaitana. Inshirah aliporudi, mkononi ana sahani ya mishabbik, tamutamu za kukaanga zinazotiririka asali, alikuta duara la watu, na ndani ya duara mumewe, uso umeiva kama pilipili, macho yanamtoka machozi na mdomo unaitika. Alipomwona mkewe alinyamaza, akamnyooshea mkono.

"Nilijua nifanye nini," alituambia. "Niwafukuze, nimfunike, tuende. Lakini miguu ilinipeleka mbele yake kama wale wengine."

Aliinama akamuuliza, watu wote wakisikiliza:

"Raafat. Uliwahi kunipenda?"

"Ndiyo," akasema Raafat.

Vijana wakapiga makofi na miluzi. Inshirah akabaki ameinama, anamtazama usoni, anatafuta kitu. Macho yale, aliyokuwa akiyasoma bila shida kila yaliposema chai imepoa au chumvi imezidi, siku hiyo hakuweza kuyasoma. Labda ni kweli. Labda ni neno tu. Alikuwa na miaka mingi ya kumuuliza huyu mtu alipokuwa na ulimi mzima, na hakuuliza.

"Akatae basi!" akawafokea vijana, kana kwamba wao ndio waliomfunga ulimi. "Mwambieni akatae!"

Hakuna aliyecheka tena. Wakatawanyika mmoja mmoja.

Walirudi Tanta kesho yake. Ngozi ya uso na kifua cha Raafat ilibambuka, na kwa siku nyingi Inshirah alimpaka mtindi, kwa mkono mwepesi, bila kusema naye. Hakumuuliza chochote tena. Akitaka kumpa maji, anampa. Akitaka kumgeuza, anamgeuza. Nyumba ile ikawa kimya kiasi kwamba tulisikia kijiko kikigonga bakuli.

Raafat alifariki majira ya baridi. Inshirah alivaa nyeusi, akapokea wageni, akalia kama wanavyolia wajane. Kiangazi kilichofuata akapanda basi la Ras el-Bar peke yake, akakaa huko mpaka watu wa msimu wakapungua, na akarudi amenenepa, amechomwa na jua, akiwa na boksi zima la tamutamu. Alipita mlango kwa mlango akitugawia, na sisi tukala.