Grisi Mikononi mwa Baba

Nimekana kwa miaka mingi, hata mbele ya ndugu zangu, lakini ni mimi niliyekuwa nampaka baba grisi mikononi.

Leo harufu ya dizeli ya jenereta la chuo imenirudisha kijijini kwetu Nangwa, na kiti hakikaliki.

Mama alikuwa fundi wa matrekta, ila wakulima hawakutaka mwanamke aguse injini zao. Alitengenezea nyuma ya nyumba, na mteja akikaribia, nilimpaka baba grisi hadi viwikoni.

"Shikamoo fundi," mteja mmoja alimwambia baba. "Pampu ilikuwa na nini?"

Baba alikohoa. "Ilikuwa inasumbua."

Mama akaendelea kumenya viazi. "Baba watoto, mwambie dizeli yake ina maji."

Juzi wadogo zangu waliuliza kibao cha karakana ya nyumbani kiandikwe jina gani. Mimi, msomi wa digrii mbili, nikajibu la baba, maana ndilo linalojulikana. Tangu hapo sijatulia. Mchana huu baba akapiga simu.

"Mwanangu, waambie wafute. Mimi hata spana ya kumi na nne siijui. Waandike mama yenu, tena kwa herufi kubwa."