Senje na Moto wa Mawe

Ukishuka kutoka Ayany kuelekea Kianda, mtaani Kibera, kabla hujafika pale barabara inapokuwa nyembamba na kuanza kunuka samaki wa kukaanga, kuna nyumba ya mawe yenye geti jeusi. Juzi nilisimama mbele yake na mfuko wangu wa mboga za sukuma mkononi, nikaitazama hadi bawabu akatoka.

"Mathe, unatafuta nani?"

"Sitafuti mtu. Hapa ndipo nilipozaliwa."

Akacheka kwa heshima, jinsi vijana wanavyowacheka wazee. "Hapa? Zii, mathe. Hapa kumekuwa na nyumba ya mawe tangu kitambo."

Nilimwambia hiyo kitambo yake ilianza Jumatatu moja asubuhi, nami nilikuwepo. Hakuelewa, wala sikumlaumu. Lakini wewe, rafiki yangu, keti nikueleze, kwa sababu wanaojua tumebaki wachache na mimi sina nia ya kunyamaza.

Palikuwa na ploti ya vyumba vya udongo na mabati, vimepangwa safu mbili zinazotazamana, na katikati mfereji wa maji ya kufulia ambao sisi watoto tuliruka siku nzima. Ilikuwa miaka ya sabini, inaelekea ukingoni. Chumba chetu kilikuwa na pazia la maua katikati. Upande mmoja walilala baba na mama, upande wa pili nililala mimi na senje. Senje kwetu Waluhya ni shangazi, dada ya baba, na huyu wangu alikuwa mkubwa kuliko baba, alishawahi kuwa mwalimu na mke wa mtu, na hakutaka kuolewa tena. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kupuliza jiko la makaa nje ya mlango, na harufu ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya makaa yakishika, imechanganyika na chai ya tangawizi na sabuni ya mche.

Senje alikuwa mtangazaji wa televisheni. Ndiyo, kutoka ploti ile ile. Kila Jumamosi jioni aliongoza, moja kwa moja hewani, kipindi cha chemsha bongo cha wanafunzi. Shule mbili zilikaa zikitazamana, kila moja na kengele yake, naye akasimama katikati na kadi zake za maswali. Sisi hatukuwa na televisheni. Tulikuwa tukipanda hadi Ayany kwa karani mmoja wa serikali. Mke wake alituosha miguu bombani kabla ya kutukalisha sakafuni, watoto mstari wa mbele na watu wazima dirishani nje. Senje akitokea, chumba kizima kilishusha pumzi. Mtoto fulani kwenye kile kioo akikwama, yeye alimwambia maneno tuliyoyajua kwa moyo: "Swali likikushinda usiangalie dari. Niangalie mimi." Hata leo nikikwama kwa jambo, siangalii juu.

Gauni lake la kipindi lilishonwa na jirani yetu, mama mmoja wa kutoka Kitui tuliyemwita mama fundi. Cherehani yake ilikaa mlangoni, na tukirudi shule tulimkuta anaimba nyimbo za kwao huku mguu ukikanyaga. Kenya nzima iliona gauni la kijivu, kwa sababu televisheni za wakati huo hazikuwa na rangi. Sisi wa ploti tulijua ni la kijani, kijani cha majani ya ndizi. Tulitembea na siri hiyo kifua mbele.

Mwenye ploti alitaka tutoke ili ajenge nyumba za mawe. Wapangaji walikataa. Walisema kodi wamelipa na hawana mahali pengine pa kwenda. Alikuja mara kadhaa, akaongea kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akaacha kuja. Mama alisema, "Mtu akiacha kugombana na wewe kabla hamjapatana, mwangalie vizuri."

Moto ulitokea Jumapili, watu wakiwa kanisani. Tulitoka shule ya Jumapili tukaona moshi. Ulikuwa unatoka upande wa choo, mwisho kabisa wa safu, mbali na mlango wa mama fundi. Hilo niliona kwa macho yangu, na watoto wenzangu wote waliona. Upepo ukauleta moto safu yote kabla karai la kwanza la maji halijafika. Mama fundi alikuwa ndani anamalizia sare za shule. Alitoka. Alitoka mzima, akasimama na sisi, halafu akakumbuka cherehani, akarudi. Sitaeleza zaidi.

Jumatatu asubuhi, majivu bado ya moto, sisi tunapekua sufuria zilizokunjamana, lori lilikuja na kumwaga mawe ya kujengea. Mawe mapya, ya kijivu, yamechongwa vizuri. Wanaume walisimama wakayatazama. Siku hiyo hiyo maafisa wa serikali wakaandika kwamba moto ulisababishwa na pasi ya makaa ya mama fundi. Watu wakaanza kuuita moto wa mama fundi. Wengine walimlaani, marehemu ambaye hata hatujamsafirisha kwao kuzikwa.

Tulihamia Kawangware, chumba kimoja, hatua sitini na sita tu kutoka— la, sitahesabu, nitakudanganya. Tulihamia karibu na kile kituo cha basi kinachoitwa Kawangware 46, basi. Jumamosi ikafika. Hatukuwa na karani huko, lakini muuza duka mmoja alikuwa na televisheni juu ya friji, na tukasimama mlangoni mimi na mama na baba.

Senje alikuwa amevaa gauni lile. Lilikuwa mwilini mwake siku ya moto, ndiyo sababu lilipona. Alisoma maswali yake kama kawaida: miji mikuu, hesabu, viungo vya mwili. Karibu na mwisho akaziweka kadi mezani. Akasema, "Swali hili haliko kwa kadi. Nyumba zikiungua Jumapili, na Jumatatu asubuhi mawe ya kujenga nyumba mpya yafike mahali hapo hapo, nani alijua kutakuwa na moto?"

Msichana mmoja wa sare nyeupe aligonga kengele. "Mwenye mawe," akasema.

"Sahihi," senje akasema. "Pointi mbili."

Kioo kikaingia giza, kisha muziki. Dukani hakuna aliyesogea. Muuza duka aliipigapiga televisheni ubavuni akidhani imeharibika.

Senje alirudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi. Wakubwa wake walimngoja nje ya studio wakamwambia asirudi tena, hata kuchukua vitu vyake. Baba alikasirika, sitaficha hilo, maana alikuwa mtu mwema mwenye hofu.

"Dada, kazi ni kazi. Si ungesoma tu kadi vile imeandikwa?"

"Nimesoma kadi miaka yote vile imeandikwa," senje akasema. "Swali la mama fundi litasomwa na nani?"

"Amekufa, dada."

"Ndiyo maana."

Mama alimmiminia chai, akaijaza hadi ukingoni.

Hapo ndipo ilipoanza kazi yake ya pili, na kama umewahi kusikia juu ya mwanamke wa Kawangware aliyeandika riwaya za upelelezi, ni yeye. Alipata kazi ya kufundisha wasichana kupiga taipu kwenye chumba kimoja nyuma ya posho mili, na wanafunzi wakienda nyumbani alibaki na mashine moja. Mimi nilitumwa kumpelekea viazi vitamu, nikakaa hapo kufanya hesabu zangu. Kinu cha unga kilinguruma upande mmoja, taipu ikagonga upande wa pili, na vumbi la mahindi likatua kwenye karatasi zake. Mashine ikinyamaza nilijua anatafuta namna ya kumuua mtu. Nyumbani alimuuliza mama maswali huku wakichambua mboga.

"Wifi, mtu akitaka kuficha kisu hapa ploti, atakificha wapi?"

Mama hakuinua kichwa. "Kwa unga wa jirani asiyepika."

Na hilo likaingia kitabuni kama lilivyo.

Mpelelezi wake alikuwa mama muuza maji. Hakuwa na bastola wala koti refu. Alikaa bombani, na kwa kuwa kila mtu lazima aje na mtungi, alisikia yote. Kisa kilikuwa moto wa Kibera, lori la mawe, na mwanamke aliyesingiziwa akiwa hawezi tena kujitetea. Senje alikiandika, akakifuta, akakiandika upya hadi utepe wa wino ukafifia na wasichana wake wa taipu wakalalamika.

Mchapishaji mmoja mjini aliusoma mswada wake akaupenda. Nilikwenda naye siku hiyo, nimevaa viatu vya Krismasi. Yule bwana alitukaribisha soda. Alisema kitabu ni kizuri, ila moto uhamishwe hadi hoteli ya kitalii, na mpelelezi awe mwanamume, na apewe gari.

"Akiwa na gari atasikia nini?" senje akauliza.

"Mama, wasomaji hawataki kusoma juu ya Kibera."

"Uliwauliza?"

Akatabasamu. Senje akamaliza soda yake yote, bila haraka, akachukua karatasi zake. Njiani aliniambia, "Ukipewa soda kunywa. Lakini usilipe na jina lako."

Mwishowe aliyekikubali kitabu alikuwa mzee mwenye mashine ndogo ya kuchapisha kadi za harusi na ratiba za kanisa. Kilitoka kwa karatasi nyepesi, jalada jekundu, kimeshikwa kwa pini mbili, kinanuka wino hadi vidole vikawa vyeusi. Mama alikiuza kwenye meza yake ya nyanya. Asiyejua kusoma alisomewa. Kinyozi alisoma sura moja kila jioni, wateja waliokwisha kunyolewa wakakataa kuondoka.

Habari zikamfikia mwenye mawe, yule mwenye ploti yetu ya Kibera. Alikuwa na ploti Kawangware pia, na alijulikana kwa wakubwa. Chifu akaita baraza uwanjani, akamtaka senje asimame mbele. Mwenye mawe alikalishwa kwenye kiti chenye mto, askari wawili nyuma. Sisi wengine tulikaa kwenye nyasi, jua la mchana likituchoma utosi.

"Mama," chifu akasema, akiinua kile kijitabu, "hii kitabu umeandika juu ya nani?"

"Ni hadithi, chifu."

"Ananiharibia jina mimi!" mwenye mawe akapaza sauti.

Senje akamgeukia kwa adabu. "Jina lako liko ukurasa gani, mzee?"

Mzee akakichukua kijitabu, akakifungua. Akafunua, akafunua. Watu wakaanza kukohoa ili wasicheke. Chifu akaona aibu inakuja upande wake, akauliza kwa ukali, "Basi huyu mtu wa mawe ni nani? Jibu!"

Nakumbuka jinsi alivyosimama wakati huo. Alinyoosha mgongo, akakunja mikono mbele kama anashika kadi, na nikajua sauti itakayotoka kabla haijatoka. "Chifu, kazi yangu tangu zamani ni kuuliza. Kujibu ni kwa washindani." Kisha akatugeukia sisi, watu wa nyasini, akauliza swali lile lile neno kwa neno: nyumba zikiungua Jumapili, na Jumatatu asubuhi mawe ya kujenga nyumba mpya yafike mahali hapo hapo, nani alijua kutakuwa na moto?

Askari mmoja akabadilisha mguu. Nilimwona baba anatazama viatu vyake, na nikajua hakuna atakayethubutu, kwa maana kila mtu pale alikuwa mpangaji wa mtu, na chifu angeweza kukunyima barua ya kitambulisho au kukufungia mlango. Halafu mama akasimama. Mama yangu, ambaye hata kanisani aliomba kwa kunong'ona.

"Mwenye mawe," akasema.

Akakohoa, akarudia kwa nguvu. Baba akainuka kando yake akasema. Kinyozi akasema. Kisha uwanja wote, wanaume kwa wanawake, hadi mbwa wa posho mili wakaanza kubweka. Chifu akafunga mwavuli wake ambao hata haukuwa umefunguliwa vizuri. "Baraza imeisha."

Walimchukua senje, bila shaka. Alilala seli, na wanawake wa kanisa wakakesha kwa zamu nje ya kituo na chupa za uji hadi walipomwachilia. Vitabu vilivyokuwa mezani kwa mama vilibebwa. Mwenye mawe hakuwahi kufikishwa kortini, nisikudanganye. Alikufa mzee, kitandani kwake, na nyumba ya geti jeusi ni ya watoto wake hadi leo. Lakini tangu siku ile hakuna aliyesema tena moto wa mama fundi. Watu waliuita moto wa mawe. Hata watoto waliozaliwa baadaye waliuita hivyo bila kujua sababu.

Kaka yake mama fundi alikuja kutoka Kitui na mfuko wa ndengu na chupa ya asali. Alikaa kwenye kitanda chetu, kofia magotini, akasema mama yao kijijini ameambiwa binti yake alichoma nyumba za watu. Aliomba kitabu. Senje alikuwa amebaki na kimoja, chake, chenye masahihisho pembeni. Akampa. Yule mtu akamsalimu kwa mikono miwili kama anavyosalimiwa mzazi.

Aliandika vingine, senje, na muuza maji wake akatatua vifo vingi. Baadaye, nyakati zilipolegea, televisheni ilituma mtu kumwita arudi. Alisema yuko katikati ya sura, wapige simu wakati mwingine. Hatukuwa na simu.

Alipokufa, wazee walikuja kutoka nyumbani magharibi, wakataka mwili. Walisema mtu wetu hazikwi ugenini. Lakini yeye aliagiza azikwe Nairobi, Lang'ata. Ugomvi ukawa mkubwa. Baba, ambaye maisha yake yote alichagua amani, alisimama kati yao na jeneza, mzee wa fimbo sasa.

"Huku si ugenini," akasema. "Huku amefanya kazi, amefungwa, ameheshimiwa. Mnataka kwao pawe wapi tena?"

Tukamzika Lang'ata.

Sasa hakuna kinyozi anayesoma sura, posho mili imekuwa duka la simu, na watu wakiandika juu ya mitaa yetu huandika kama tulikuwa takataka iliyongoja kuzolewa, au kama tulikuwa na furaha kwa sababu ya umaskini. Yote mawili ni uongo. Siutamani mfereji ule wala vyumba vile. Natamani watu walioweza kuogopa wote pamoja na bado wakasimama. Ndiyo maana mtu akiniuliza kwetu ni wapi, akitarajia nitaje kijiji chenye mto na migomba, mimi humwambia Kibera, kisha Kawangware. Akinitazama kwa huruma, nayarudia majina hayo polepole, asije akasema hakusikia.