Rehani kwenye bakuli la maua

Jamani, leo bakuli la maua limetoboa siri yangu.

Mimi Mjapani niliyeolewa hapa Kibiti nimechoka kueleza kwamba kupanga maua kwetu si kujaza bakuli. Tawi moja la mkoko, vijitawi vitatu vya rehani, basi.

Jirani yangu Bi Mwanaidi kaja kujifunza, kaona rehani, kaganda mlangoni. Kumbe huku huipanda makaburini!

"Mwanangu, nani kafa?"

Hapo nyie mngejibu nini?

Juzi karani wa Bwana DC aliniletea barua ya kaka kutoka Japani, imekaa melini wee. Sikumwambia mtu.

"Mama yangu."

Akavua viatu, akatandika mkeka, akawaita wenzake.

Mama kafa miezi mitatu iliyopita. Leo ndiyo kapata wa kumlilia.