Binti wa Mgema na Maziwa ya Kopo

Jumatano, mwezi ishirini na mbili Mfunguo Nne, baba yangu alianguka kutoka juu ya mnazi huko Kanga akafa. Siku tatu baadaye nikapoteza na maziwa yangu. Kifo cha baba kilinong'onwa. Kukauka kwa maziwa kulitangazwa Bweni nzima, maana hilo halikumwaibisha mtu yeyote isipokuwa mimi.

Nimwandike baba kama alivyokuwa. Alikuwa mgema. Alikata karara la mnazi, lile ua ambalo halijapasuka, akalifunga kibuyu, na tembo, ile pombe ya mnazi, likadondoka humo, wakaja kulinywa kwa siri watu wanaoswali safu ya mbele. Nilipoolewa Bweni, kwenye nyumba yenye shamba kubwa na babu aliyetoka Maskati, tuliambiwa tuseme kwamba baba ni mkwezi. Mkwezi huangua nazi, naye ni mtu wa heshima. Mgema hupanda mnazi uleule, kwa miguu ileile, ila yeye ni fedheha. Mimi nami nilisema mkwezi. Sikulazimishwa sana.

Binti yangu alikuwa na miezi miwili habari ilipofika. Mama mkwe alinishika mkono, akalia kidogo kwa adabu, kisha akasema, "Nenda kamlilie mzazi wako, mwanangu. Mtoto mwache. Kichanga hakipelekwi matangani."

"Atanyonya nini, mama?"

"Atakunywa cha Wazungu."

Cha Wazungu kilikuwa kopo la maziwa ambalo mume wangu alilinunua Chole kwenye duka la Mhindi, kwa fahari tu. Lilikaa kwenye shubaka kando ya msahafu, na kila mgeni alionyeshwa. Ubavuni palikuwa na picha ya ng'ombe mnene na mtoto wa Kizungu aliyemshinda ng'ombe kwa unene. Jirani yetu mwenye mtoto wa miezi minne alijitolea kumnyonyesha binti yangu siku hizo tatu. Mama mkwe aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Anyonye kwako awe ndugu wa wanao? Una wavulana watano, mama! Tutamwoza nani?"

Ng'ombe wa kwenye kopo hakuwa na wana wa kuoa. Akashinda.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa amekaa miezi kadhaa katika shule ya Wadachi, hao Wajerumani, kwa hiyo ndiye aliyekabidhiwa kuyasoma maandishi. Alilishika kopo mbali na uso wake, akatamka maneno mazito ya kooni, sote tukainamisha vichwa kama tunasomewa dua. Kisha akafasiri: "Linasema mtoto apewe hili, mama yake apumzike." Mama mkwe akasema Wazungu wana akili. Miaka mingi baadaye shemeji alinikiri kwamba alichokuwa akikijua ni tarakimu na maamkizi.

Nikaenda Kanga. Siku ya kwanza matiti yalivimba kama madafu, nikayakamua mchangani nyuma ya nyumba. Siku ya pili sikuyakamua, nilikuwa nalia. Siku ya tatu yalilegea, na mimi mjinga nikashukuru kwamba nimepona.

Niliporudi Bweni mtoto alinitazama, akalishika titi kwa midomo, akavuta mara mbili, akaliacha na kupiga kelele. Mama mkwe alikuwa ameshakaa tayari na kikombe cha kahawa kilichotiwa maziwa ya kopo mkononi, na kijiko.

"Msiba umeyakausha," alisema. "Hata yakitoka sasa ni machungu. Maziwa ya mfiwa ni sumu, nani asiyejua?"

Sikuwa nikijua, lakini nilikuwa binti wa mkwezi, sikubishana.

Siku hiyohiyo alinipangia na maisha yangu. Arobaini ya baba ikifika ningekwenda Kanga kwenye hitima, na kwa kuwa sina maziwa, ningebaki kule nipumzike kwa mama yangu hadi nitakapoitwa. Mtoto angebaki na kopo. Mume wangu alisikiliza yote haya, akasema, "Mama anasema vyema." Maneno hayo alikuwa nayo tayari tangu utoto, hakuwa na haja ya kuyatafuta.

Basi nilikuwa na siku thelathini na kitu za kuyarudisha maziwa au kumwacha mwanangu.

Wiki ya kwanza niliitumia kulia, na nilikula kwa wizi maziwa ya kopo kwa kidole. Ni matamu kama asali. Nilielewa kwa nini mtoto alinikimbia.

Kilichoniamsha si hekima. Nilikuwa nachambua vitu vya baba nilivyopewa Kanga, nikaishika kotama yake, kile kisu kilichopinda cha kugemea, nikakumbuka mnazi mmoja uliokauka tembo nilipokuwa msichana. Baba aliupanda asubuhi, mchana na jioni. Kila mara alikata karara kwa unene wa unyoya mmoja tu, akafunga kibuyu, akashuka na kibuyu kitupu. Watu wakamcheka: "Mgema, leo umegema upepo?" Naye akajibu, "Naukumbusha." Aliukumbusha siku tisa. Siku ya kumi ukatoa funda moja, na mwisho wa mwezi walewale waliomcheka walikuja na vikombe.

Nikaanza kujikumbusha. Kila mtoto alipotaka kula nilimweka titini kwanza, huku na huku, hata kama halitoki kitu, kisha ndipo nikamwacha mama mkwe na kikombe chake. Alipolala nilijikamua kwenye kifuu. Siku ya kwanza kifuu kililowa tu. Siku ya nne ningeweza kusema kuna kitu ndani, kama ningekuwa mwongo kidogo. Nilikunywa uji wa pilipili manga mpaka jasho langu likanuka uji.

"Unamtesa mtoto kwa ziwa kavu," alisema mama mkwe.

"Aonje tu, mama. Halafu utampa."

Hakukubali kwa hoja. Alikubali kwa sababu kopo la tatu alilolileta mume wangu lilikuwa linakwisha na mengine yalikuwa bado hayajafika Chole.

Tena majirani walikuwa wamemharibu kwa sifa. Walikuja mmoja mmoja kumwona mtoto anayelelewa Kizungu. "Mashallah, bibi, mikono yako ina baraka!" Kwa kila sifa, maziwa ya kikombe yalizidi kutiwa maji. Mwanzo maziwa yalikuwa yakishikilia kijiko. Baadaye nilikiona kitako cha kikombe chini yake, na mtoto akaanza kuamka na njaa kabla hata hajalala vizuri. Asubuhi moja, mbele ya wageni wawili, nikasema kwa sauti ya chini:

"Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Mama mkwe akageuka taratibu. "Unanipiga kijembe, binti?"

"Hapana, mama. Namkumbuka baba."

Hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyoitaja kazi ya baba katika nyumba ile. Wageni walikumbuka shughuli zao wakaondoka. Lakini kikombe cha jioni cha mama mkwe kilikuwa kizito, na namshukuru, kwa sababu sitaki kudanganya: titi peke yake lisingetosha. Kopo lilimweka mwanangu hai nilipokuwa nakikumbusha kifua. Yangu yalirudi nusu, labda zaidi ya nusu kidogo. Njaa ile pia ilinisaidia. Mtoto alinyonya kwa hasira, na hasira yake iliyavuta kuliko uji wangu wote.

Asubuhi ya arobaini nilikuta mzigo wangu umeshafungwa mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameufunga mwenyewe, na ulikuwa mkubwa sana kwa hitima ya siku moja. Nguo zangu zote zilikuwamo. Mume wangu alikuwa ameshatoka kwenda shamba, asije akaulizwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jua litakuwa kali, wahi."

Mtoto alilia. Nikakaa kizingitini kando ya mzigo, nikampa. Alinyonya kidogo, akaachia ghafla kumtazama kuku aliyepita, na maziwa yakaruka, yakalowesha mzigo na ncha ya leso ya bibi yake. Mama mkwe alitazama leso yake. Akaigusa, akanusa kidole. Nilidhani atasema ni machungu.

Aliketi chini, akafungua mzigo, akatoa nguo moja moja mpaka ikabaki doti moja ya kubadilisha. Akatia kopo na kikombe na kijiko.

"Jioni mrudi," alisema. "Na hilo umpe baada ya titi, sio kabla."

Nilikwenda Kanga kwa miguu, mtoto mgongoni, mzigo kichwani. Njiani alinyonya mara mbili.